A ikichoka, Q ipo

Andika "Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya", kisha zihesabu herufi zake. Ni 29, na 10 kati ya hizo ni A. Q hakuna, X hakuna. Nimeyachagua maneno haya kwa sababu Kilosa, Tanzania, ni wilaya ya mashauri ya ardhi. Mkulima na mfugaji wanagombea bonde lilelile, na kabla shauri halijamfikia mwenyekiti wa baraza, mtu fulani katika chumba chembamba cha steshenari amekwisha kupiga chapa jina la mlalamikaji, mipaka ya shamba na idadi ya ng'ombe. Katika Kiswahili A hubeba takriban herufi moja kati ya kila tano zinazoandikwa, na katika barua za aina hiyo mara nyingi huzidi hapo. Herufi hii inayotumika kuliko zote imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu, kwa kuwa mpangilio wa vitufe tunaoutumia ulibuniwa Milwaukee, Marekani, na Christopher Latham Sholes na wenzake katika miaka ya 1860 na 1870, wakiwa na Kiingereza akilini. Kibodi ya steshenari ikianza kuugua, basi, huanzia hapo. Kwanza chapa ya A hufutika, kisha kitufe huwa kizito, kisha huandika A mbili palipotakiwa moja, na mwisho hunyamaza kabisa.

Wapo watu, wengi wao Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki, wanaotafuta kibodi ndogo za zamani za springi, yaani zile ambazo kila kitufe kina swichi na springi yake, wakazifungua, wakazisafisha, wakabadili hiki na kuongeza kile, na wakalipa fedha ambazo mtu wa kawaida angenunulia kompyuta nzima. Anayewatazama kwa mbali huona watu waliopenda mlio wa vitufe, au waliotekwa na kumbukumbu za ujana wao. Mlio upo na kumbukumbu zipo, lakini sidhani kwamba hayo ndiyo yanayowashika. Kinachowashika ni kwamba katika kibodi hizo kila kitufe kinasimama peke yake: kina mwili wake, kina ugonjwa wake na kina dawa yake. Ukilitazama jambo hilo kwa jicho la fundi, huoni tena anasa ya watu wa mbali. Unaona kitu ambacho watu wa Kilosa na wa mji wa Mikumi wanakifahamu siku zote, isipokuwa hawajawahi kukidai kwenye kompyuta.

Tazama kwanza kilichomo ndani ya kibodi ya kawaida inayouzwa madukani. Chini ya vitufe kuna shuka moja la mpira lenye vikombe vidogo, kimoja kwa kila kitufe, na chini ya mpira kuna karatasi tatu nyembamba za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Ukibonyeza, kikombe kinajikunja, karatasi ya juu inagusa ya chini, herufi inaandikwa. Ni ubunifu wa busara kwa mtengenezaji, maana sehemu ni chache na bei inashuka. Lakini mpira ni mmoja kwa vitufe vyote, na karatasi pia ni zilezile. Kikombe cha A kikilegea, huwezi kukitoa na kukiacha cha Q mahali pake, kwa sababu si viwili, ni shuka moja. Njia ya umeme ikikatika kwa chai iliyomwagika, safu nzima ya herufi inakufa. Kwenye kompyuta za mapajani hali ni mbaya zaidi: nyingi zimefungwa kibodi kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa juu ya bamba, na fundi huambiwa abadilishe ganda zima la juu kwa ajili ya kitufe kimoja. Vitufe vingine vyote, vizima, vinatupwa kwa kosa la kimoja.

Kibodi za zamani zilizaliwa na fikra nyingine. Richard Hunter Harris, mhandisi wa IBM, alipata hataza mwaka 1978 ya kitufe kinachotumia springi nyembamba iliyosimama wima. Unaposhusha kitufe, springi hiyo hubanwa, na ikifika kiwango fulani haivumilii tena, hupinda upande kwa ghafla. Mpindo huo huo ndio unaosogeza kibamba kidogo kilicho chini yake na kuiambia kompyuta kwamba herufi imebonyezwa. Hivyo kidole, sikio na mashine hupata habari kwa wakati mmoja. Kibodi iliyokuja na kompyuta ya kwanza ya binafsi ya IBM mwaka 1981, ambayo wapenzi huiita Model F, ilitumia springi hiyo pamoja na kibamba kinachopimwa kwa umeme bila chuma kugusa chuma, ndiyo maana nyingi zinaandika hadi leo. Mwaka 1985 ikaja Model M, yenye springi ileile, lakini IBM ilipunguza gharama kwa kuweka karatasi za plastiki chini. Watu wengi husifu Model M peke yake. Kwa hoja yangu Model F ndiyo bora, kwa kuwa Model M tayari ina mguu mmoja katika ulimwengu wa shuka moja: springi zake hubadilishwa moja moja, lakini karatasi zake zikifa, zinakufa pamoja.

Udogo una habari yake. IBM ilitengeneza kibodi yenye vitufe 62 tu kwa ajili ya mashine za mezani za benki, ikiwa na ganda zito la chuma kiasi cha kuwa haisogei mezani hata ukipiga kwa hasira. Leo hiyo ni miongoni mwa zinazogombewa zaidi. Mwaka 1987 Model M ikapata mdogo wake wa vitufe 84, aliyekatwa upande wa tarakimu. Huko Japani, Profesa Eiiti Wada alishirikiana na kampuni ya PFU, na mwaka 1996 ikatoka kibodi ya vitufe 60 iitwayo Happy Hacking Keyboard. Wada aliieleza kwa mfano wa wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani: farasi akifa njiani humwacha, lakini tandiko hawaliachi, maana tandiko limekwisha kuuzoea mwili wa mwenyewe. Kwa mawazo yake kompyuta ndiyo farasi na kibodi ndiyo tandiko. Katika wilaya yenye wafugaji mfano huo hauhitaji mfasiri. Na meza ya steshenari, ambapo printa, mashine ya fotokopi, boksi la karatasi na viwiko vya wateja vinagombania nafasi, inajua thamani ya sentimita kumi na tano zilizookolewa kuliko meza ya mkusanyaji yeyote wa California.

Lakini fundi anayetaka kuanza hahitaji kitu cha benki. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilianza katika miaka ya 1980 kutengeneza swichi zake za MX, na ndani ya kila moja mna springi, kijiti chenye umbo la msalaba, na vibamba viwili vya chuma vinavyogusana. Kibodi zake za kundi la G80 zilijaa katika ofisi za Ujerumani. Nyingi za zamani hazina bamba la chuma juu ya saketi, kwa hiyo kila swichi hufunguliwa papo hapo ilipo: vishikizo vinne vidogo, kifuniko kinatoka, springi na kijiti vinatoka, bila kugusa risasi ya kulehemu. Tuseme sasa mpiga chapa wa Kilosa anaandika maneno 8,000 kwa siku, kila neno wastani wa herufi sita. Hizo ni herufi 48,000, na moja ya tano yake ni A 9,600. Kwa siku 300 za kazi, A imebonyezwa karibu mara milioni 2.9. Vikombe vya mpira kwa kawaida hukadiriwa kudumu mibonyezo milioni tano hadi kumi, na Cherry iliitangaza MX kwa milioni 50. Kwa hesabu hiyo A ya mpira yenye kipimo cha chini inachoka kabla ya kutimiza miaka miwili, na ya Cherry inafika mwaka wa kumi na saba. Tofauti hiyo peke yake inatosha, lakini kuna kubwa zaidi. Siku A ya Cherry itakapochoka kweli, kuna swichi ileile, ya kiwanda kilekile na umri uleule, iliyokaa hatua moja juu yake bila kufanya kazi miaka yote hiyo. Ni Q. Mwandishi wa Kiswahili ananunua kibodi ikiwa na spea ndani yake. Mwingereza hana bahati hiyo kwa ukamilifu, kwa kuwa Q na X zake huitwa kazini mara kwa mara.

Wanaorekebisha kibodi huenda mbali kuliko kubadilishana swichi, na hapa pia Kiswahili kinafaidi kuliko walivyokusudia. Springi huuzwa kwa uzito tofauti, na inawezekana kuweka nyepesi chini ya vidole dhaifu. Wajapani wa Topre waliliona hilo zamani: baadhi ya kibodi zao za Realforce zina vitufe vya gramu 30 pembezoni, 45 katikati na 55 mahali pachache. Kwa Kiingereza huo ni uungwana tu, maana A yao haifiki hata nusu ya yetu. Kwa mtu anayeandika "walalamikaji wanadai" kutwa nzima, springi ya gramu 30 chini ya A ni afya ya mkono. Ipo pia ng'. Vidole viwili hupiga n na g, kisha kidole cha mwisho cha kulia hunyooka kutafuta alama ya ritifaa, na wengi huiacha, ndipo unapokuta hati ya madai imeandika "ngombe". Kadi ndogo yenye programu huria ya QMK huweza kufundishwa kwamba Q ikibonyezwa pamoja na kitufe fulani, itoe ng' nzima kwa pigo moja. Hakuna kiwanda kitakachowahi kumfanyia hivyo mwandishi wa Kilosa. Anaweza kufanyiwa na jirani yake mwenye bisibisi.

Atakayepinga atasema hayo ni mambo ya watu wengine, hayana mizizi hapa. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ikadumu hadi miaka ya 1990. Maana yake enzi yote ambayo kibodi bora za IBM na Cherry zilikuwa zikitoka viwandani, huku kwetu mlango ulikuwa umefungwa. Kompyuta zilipofika kwa wingi zilifika na vikombe vya mpira. Lakini ofisi hazikukaa kimya miaka hiyo. Kiswahili kilikuwa lugha ya serikali tangu 1967, na waraka wa Kiswahili ulipigwa kwa tapureta. Mhazili aliyefunzwa Tabora akashuka stesheni ya Kilosa kuanza kazi alijua mashine ambayo kila herufi ina mkono wake wa chuma, unaopinda, unaokwama na unaonyooshwa peke yake. Alijua kubadilisha riboni, kusafisha jicho la "a" lililozibwa na wino, kutia tone la mafuta panapostahili. Zilikuwapo hata ndogo za kubebeka: Lettera 22 ya Olivetti, iliyobuniwa na Marcello Nizzoli mwaka 1950, ilitiwa katika mkoba ikasafiri. Kwa hiyo kilichokosekana kwetu ni kizazi kimoja cha kibodi. Tabia ya kukijua kitufe kwa ndani ilikuwapo kabla, ikakatwa pale ofisi zilipoletewa mashine zisizofunguka.

Na nje ya ofisi haikukatwa kamwe. Mji wa Mikumi umekua juu ya barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, mara tu unapotoka kwenye Hifadhi ya Mikumi, na uhai wake mwingi ni malori: kulala, kula, na gereji. Springi ya lori ni majani kadhaa ya chuma yaliyofungwa pamoja. Likivunjika jani moja, fundi wa Mikumi halitupi fungu zima wala hamwambii dereva anunue ekseli mpya. Anafungua, anatoa lililovunjika, anatia jingine, mara nyingi la gari lililokufa, anafunga. Hivyo ndivyo mpenzi wa kibodi anavyofanya kwa springi yenye unene wa unywele. Cherehani, baiskeli ya Phoenix, redio ya mbao, zote zimeishi vijijini miongo mingi kwa kanuni hiyo: sehemu inatoka, sehemu inaingia, kitu kinabaki. Jambo la ajabu kwangu si kwamba kuna watu wanaopenda kibodi zinazofunguka. La ajabu ni kwamba jamii yenye mafundi hodari namna hii imekubali kibodi, chombo kinachopigwa kuliko chochote ofisini, kiwe ndicho kitu kisicho na spea.

Upo ugumu wa kuviunganisha vifaa vya zamani na kompyuta za leo, na watu huutaja kama mwisho wa maneno. Kibodi ya 1981 haizungumzi lugha moja na ya 1984, wala plagi zao hazifanani na mlango wa USB. Kilosa wana mfano wa jambo hili chini ya miguu yao. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Tawi lake linashuka kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, na huko linakutana na reli ya TAZARA, yenye milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, lakini behewa halivuki. Mzigo ndio unaohamishwa. Sasa Kilosa imepata pia stesheni ya reli ya kisasa, SGR, ya milimita 1,435, pamoja na mahandaki yaliyotobolewa milimani kwake. Hakuna aliyesema reli moja ni takataka kwa sababu haiingiliani na nyingine. Palitafutwa mahali pa kuhamishia mzigo. Kadi ndogo yenye chipu, isiyozidi ukubwa wa kidole gumba, ndiyo Kidatu ya kibodi: upande huu inasikiliza lugha ya zamani, upande ule inatoa USB. Upande wa kimwili mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa karibu kibodi zote kubwa hupanga vitufe kwa umbali wa milimita 19.05 kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine, na msalaba wa Cherry umegeuka kipimo kinachofuatwa na viwanda vingi vya Uchina. Kofia ya herufi iliyotengenezwa mwaka huu huweza kukaa juu ya swichi iliyomzidi mwandishi umri.

Bei ndiyo pingamizi zito. Kibodi ya benki yenye vitufe 62 inauzwa kwa mamia ya dola, na hakuna steshenari ya Kilosa itakayoinunua, wala mimi sishauri. Wakusanyaji wamepandisha bei za vitu adimu, na upande huo wa mapenzi yao sina la kuutetea: kibodi inayofichwa katika kabati la kioo haimsaidii anayeandika. Ila tuwe waangalifu tusichanganye bei ya sanamu na bei ya kanuni. Hataza ya Cherry ilipokwisha muda wake, viwanda vya Uchina kama Gateron, Kailh na Outemu vilianza kutoa swichi zenye umbo lilelile kwa fedha kidogo, na kibodi ndogo za springi zikashuka hadi bei ambayo ofisi ya kawaida inaifikia kwa kujikaza. G80 ya mtumba, isiyogombewa na wakusanyaji kwa kuwa si nzuri kwa macho, huwa rahisi zaidi. Bado itakuwa ghali kuliko ya mpira siku ya kununua. Mwenye duka akipiga hesabu ya ngapi za mpira atanunua katika miaka kumi na saba, na siku ngapi wateja watageuzwa mlangoni kwa sababu A haiandiki, hesabu hubadilika. Asiye na mtaji wa leo hawezi kuishi kwa hesabu ya miaka kumi na saba, najua, na kwa huyo kibodi ya bei ndogo haina lawama.

Wala si kila cha zamani ni kizuri. Vumbi la barabara ya Kilosa na Mikumi, iliyokuwa ya changarawe kwa miaka mingi, huingia mpaka ndani ya saa ya mkononi, na zipo swichi zisizolivumilia. Swichi za Alps za Japani, ambazo Apple ilizifunga katika kibodi za Macintosh miaka ya 1980, ni tamu zikiwa safi, lakini vumbi huzifanya zikwaruze na kusafisha hakuzirudishi kikamilifu. Hizo zisiletwe Kilosa. Model F ina sponji ndani inayogeuka unga kwa uzee. Model M imeshikwa kwa vichwa vya plastiki vinavyokatika kimoja kimoja hadi bamba linalegea, na kofia nyingi za zamani za plastiki aina ya ABS hung'aa kwa mafuta ya vidole au kugeuka manjano. Tofauti iko katika kinachofuata baada ya ugonjwa. Sponji hukatwa mpya kwa wembe. Vichwa vya plastiki vya Model M huchongwa, hutobolewa kwa keekee nyembamba, na mahali pake hufungwa bolti ndogo na nati, kazi ya mchana mmoja inayoiacha imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Manjano huondolewa kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi na jua, na jua la Kilosa halinunuliwi. Maradhi ya kibodi za zamani ni mengi na yana matabibu. Kibodi ya mpira ina ugonjwa mmoja tu, nao huishia jalalani.

Kelele ni kweli, hasa katika chumba kimoja chenye wapiga chapa watatu; lakini springi haimaanishi lazima mlio, na zipo swichi za Cherry zinazoshuka kimya. Tarakimu pia zina haki yao: karani anayeandika magunia ya mahindi na ufuta hawezi kuishi bila pembe ya namba upande wa kulia, na kumpa kibodi ya vitufe 60 ni kumtesa. Cherry walitengeneza G80-1800, iliyobana vitufe vyote pamoja na namba katika eneo dogo, na kwa karani wa Kilosa hiyo inafaa kuliko zote nilizozitaja. Wanaosema simu imeua kibodi watembelee steshenari siku ya maombi ya mikopo ya vyuo au ya ajira. Watakuta watu wenye simu nzuri mkononi wamepanga foleni kumngoja mwenye kibodi. Simu huandika ujumbe. Hati yenye kurasa sita, majina ya mashahidi na ramani ya mipaka bado hupigwa kwa vidole kumi. Tena tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kurasa za Kiswahili zinazopaswa kupigwa ni nyingi zaidi, na A zake pia.

Mikumi pana chuo cha ufundi cha VETA. Vijana wanaojifunza kufunga nyaya za nyumba na kutengeneza magari wana mikono inayoweza kazi hii tayari, na kibodi moja ya G80 ya mtumba ni somo zima la umeme kwa gharama ndogo: swichi 102 zinazofanana, ukiharibu moja zimebaki 101 za kujaribia. Mita hupima mgusano. Pasi ya kulehemu hutoa swichi iliyokufa, pini mbili tu, na kurudisha nzima. Kadi ya QMK hufundisha programu kwa njia ambayo mwanafunzi anaihisi kidoleni papo hapo. Fundi simu aliye kibandani Kilosa hufanya kazi ngumu kuliko hii kila siku chini ya kioo cha kukuza, juu ya saketi ambazo vipande vyake havionekani kwa macho. Anachohitaji ni mteja anayejua kwamba inawezekana. Siku A itakapogoma, Q itashuka kushika zamu yake, na malalamiko ya mtu kuhusu shamba lake yatafika barazani yakiwa na herufi zote. Inayofuata kwa kuchoka, kwa jinsi Kiswahili kilivyo, ni I. Kwa ajili yake ipo X, bado mpya.